Mchezo wa Magari Unaongojwa na Vijana Wetu



Mwezi huu nilikusudia kuendelea na maneno yetu juu ya haki za jirani, lakini limenifikia suali lililotaka jibu upesi. Naona nyumba nyingi zinalo suali hili hili, ila wenyewe huona haya kuliuliza. Basi ya jirani tutayarudia mwezi ujao, Inshallah.

Alikuja kwangu mzee mmoja wa hapa Lisekese, mtu wa mikorosho kama tulivyo wengi, akaketi barazani baada ya sala ya Alasiri. Nilimkaribisha maji, hakuyataka. Akasema, "Maalim, nataka neno moja tu kutoka kwako. Sema ni haramu, nami niende zangu."

Nikamwuliza, "Kitu gani hicho, mzee mwenzangu?"

Akajibu, "Gemu ya magari."

Nikamwomba anieleze tangu mwanzo, maana hukumu haitolewi juu ya kitu kisichojulikana. Akanieleza. Anaye mwanawe wa miaka 16, yuko kidato cha tatu, kijana mpole ambaye hata mimi namjua, kwani alihitimu juzuu kadhaa katika chuo changu. Kijana huyo kwa muda mrefu amekuwa akiungoja mchezo mpya wa mashindano ya magari, ule unaochezwa kwa mashine mbele ya runinga. Kila siku huuliza habari zake katika simu ya dada yake. Hata ukutani ameandika majina ya magari kwa mkaa.

Yote hayo mzee aliyavumilia. Lakini wakati wa kupulizia mikorosho ulipofika, akaenda kuzitazama fedha alizoziweka kwa ajili ya petroli na ujira wa mwenye mashine ya kupulizia, akakuta zimepungua shilingi 80,000. Kijana alikuwa amezituma kwa mtu asiyemjua, aliyemwahidi kwa simu kwamba atamwekea nakala yake ya mchezo huo kabla haujatoka, na kwamba atakayechelewa atakosa. Tangu fedha zilipomfikia, mtu yule hapokei simu. Na nusu ya mikorosho haikupuliziwa kwa wakati, ikaingia ubwiri unga, maua yakakauka.

"Sasa," akasema yule mzee, "ukisema wewe ni haramu, atakoma."

Ndugu wasomaji, ingalikuwa rahisi kwangu kulitamka neno hilo, na yule mzee angaliondoka radhi. Lakini kuharamisha kwa kukisia si jambo dogo. Nikamwambia, "Mpeleke kijana kwangu kesho, nami nitakwenda kuutazama mchezo wenyewe kwa macho yangu. Nikishaujua, nitasema."

Kesho yake kijana akaja, akanipa shikamoo akiwa ameinama. Sikumgombeza. Nilimwambia, "Mwanangu, nipeleke huko unakochezea, unifundishe." Alinitazama kama asiyeamini. Tukaenda mpaka kwenye kibanda kimoja chenye runinga mbili na mabenchi, mahali ambapo watoto hulipa fedha kidogo kwa kila mchezo. Vijana waliponiona na kanzu yangu wengine walitaka kukimbia. Nikawaambia wakae.

Mchezo uliokuwapo ulikuwa wa zamani kidogo, jina lake WRC 9, uliotolewa Septemba 2020. Herufi hizo ni kifupi cha jina la mashindano ya ubingwa wa dunia wa magari ya mbio za nyikani. Kijana akanichagulia nchi ya Kenya, akanipa chombo cha kushika mkononi. Kwa kweli nilistaajabu. Niliona vumbi jekundu, miti ya migunga, na njia nyembamba inayopinda. Sauti ya msoma njia ikawa inanitajia kona kabla sijazifikia. Katika dakika ya kwanza nikaanguka mtaroni. Nikaanza tena, nikagonga jiwe. Mara ya tatu gari likapinduka, matairi juu. Vijana wakacheka, nami nikacheka nao.

Hapo ndipo kijana aliponieleza jambo ambalo sikulijua. Mashindano ya Safari ya Kenya yalikuwa yamepangwa kurudi katika ubingwa wa dunia Julai 2020, baada ya kutolewa humo tangu mwaka 2002. Ukaja ugonjwa wa Korona, yakafutwa. Lakini waliotengeneza mchezo walikuwa wamekwisha kuitia Kenya ndani. Basi mwaka ule watu wa dunia nzima waliendesha magari katika Kenya ya kwenye kioo, wakati ambapo Naivasha penyewe hapakupita gari hata moja la mashindano. Mashindano ya kweli yakaja mwaka uliofuata, kuanzia tarehe 24 mpaka 27 Juni 2021, kwa njia za kushindania zipatazo kilometa 320, akashinda Mfaransa Sébastien Ogier kwa gari la Toyota. Yaani kivuli kilifika kabla ya mwenyewe.

Nikamwuliza, "Na huo mpya unaoungoja, ni upi?" Akanieleza kwa utaratibu kama asomaye somo. Baada ya mchezo ule, haki ya kutengeneza mchezo wa ubingwa huu ilihamia kwa watu wengine, yaani kampuni ya Codemasters ya Uingereza, iliyo chini ya kampuni ya EA ya Marekani. Hao wakatoa mchezo wao tarehe 3 Novemba 2023. Ulisifiwa kwa njia zake ndefu, nyingine zikipita kilometa 30, na Kenya ilikuwamo pia. Lakini ulitengenezwa kwa mashine mpya tu, wenye mashine za zamani wakabaki nje. Kisha mwaka 2025 wenyewe wakatangaza kwamba wamefika mwisho, hawatauendeleza tena. Mwaka huo huo ikatangazwa kuwa haki ile itarudi kwa kampuni ya Nacon ya Ufaransa, ndiyo iliyoutoa WRC 9, kuanzia mwaka 2027. Huo ndio anaoungoja.

Nikamwuliza, "Siku ulipomtumia mtu fedha, mchezo huo ulikuwa umepata hata siku ya kutoka?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Hapana, Maalim."

"Na wewe ulikuwa walijua hilo?"

"Nilijua. Lakini niliogopa nisije nikakosa."

Ndugu wasomaji, katika neno hilo la kijana mna jambo ambalo sisi wazazi hatulitazami. Kungoja kwenyewe siku hizi kumefanywa bidhaa. Kitu bado hakijatengenezwa, lakini picha zake zimekwisha kuonyeshwa, na watu wamekwisha kuambiwa kwamba atakayetangulia kulipa atapewa gari la ziada au siku chache za kuanza kabla ya wenziwe. Wenye maduka ya haki hufanya hivyo, na wezi nao wameijua njia hiyo, wakajificha humo humo. Mtu mzima huwa na vitu vingi vya kungoja, angoja mvua, angoja mnada wa korosho, angoja malipo ya chama. Kijana huenda ana kimoja tu, na kwa sababu hiyo hukishika kwa mikono miwili.

Sasa natoa niliyoyaona, kisha nitasema hukumu.

Kwanza, mashindano yenyewe si kitu kigeni wala kibaya. Imepokewa ya kuwa Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi Madina. Waliokuwa wametayarishwa walikimbizwa masafa marefu, na wale wasiotayarishwa wakapewa masafa mafupi. Abdullah bin Umar alikuwa mmoja wa walioshindana. Mimi hufurahi sana na habari hii, maana mna hekima ndani yake: kila mmoja hupewa mwendo wa kadiri ya maandalizi yake. Nitaurudia msemo huu mbele.

Na nchi zetu hizi zina historia yake katika jambo la magari. Safari ilianzishwa mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na katika miaka ile ya mwanzo njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa safari ya kilometa elfu kadhaa, usiku na mchana, kwa kawaida wakati wa Pasaka, penye mvua na matope. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vile vile, na mara zote mbili aliyeshinda alikuwa Nick Nowicki kwa gari la Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda mara tano: 1973, na tena kuanzia 1979 mpaka 1982 bila kukatisha. Mimi nilikuwa mtoto wakati huo. Majina hayo yalitufikia kwa watu wenye redio, nasi tukatengeneza magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili, tukayakimbiza njia nzima mpaka kisimani, kila mmoja akijiita Mehta. Hapakuwa na mtu aliyetuambia ni haramu. Walitugombeza kwa kuchelewesha maji tu.

Pili, sifa wanayoipenda vijana katika michezo hii ni ule uhalisi wake, nao si uongo mtupu. Mashine hupiga hesabu ya uzito wa gari linapoelemea upande mmoja, ya springi zinapokandamizwa, na ya tairi inavyoshika changarawe, matope au lami, na hesabu hiyo hurudiwa mara nyingi mno katika sekunde moja. Wenye uwezo huweka usukani wa kweli ambao hukaza na kutikisika mkononi. Kijana aliyezoea mchezo huu huelewa kwa nini breki hukanyagwa kabla ya kona na si ndani ya kona. Hilo ni elimu, tusilikatae.

Tena wako waliotoka kwenye kioo wakafika barabarani kweli. Jann Mardenborough, kijana wa Wales, mwaka 2011 alishinda shindano lililowekwa na kampuni ya Nissan pamoja na wenye PlayStation, kwa kuucheza mchezo wa Gran Turismo. Akafundishwa, akawa dereva wa mashindano. Mwaka 2013 alisimama katika nafasi ya tatu ya daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans huko Ufaransa. Habari yake ikafanywa filamu mwaka 2023, nayo vijana wetu wameiona.

Lakini msomaji, soma na upande wa pili. Machi 2015, katika mbio za Nürburgring huko Ujerumani, gari la Mardenborough liliinuka hewani likaruka uzio, likawaangukia waliokuja kutazama. Mtu mmoja akafa. Dereva mwenyewe alikuwa amefundishwa miaka minne, na njia ile ina walinzi, uzio na madaktari. Ni ajali, wala simtii makosani. Nasema tu kwamba hili halimo ndani ya mchezo. Ndani ya mchezo nilipinduka mara tatu, nikabonyeza kitufe, gari likasimama njiani zima kama halijaguswa. Njia ya kupanda Newala haina kitufe hicho. Ninaye mwanafunzi wangu aliyekuwa akipenda mwendo. Alianguka na pikipiki kwenye kona ya mchanga, na hata leo mguu wake haukunjiki, huswali amekaa kitini. Kila nikimwona safu ya nyuma nakumbuka jinsi alivyokuwa akikimbia.

Tatu, niliona kibandani desturi moja isiyonipendeza. Wawili hushindana, na atakayeshindwa ndiye alipaye fedha ya wote wawili. Mara nyingine huweka shilingi mia tano mia tano, mshindi akachukua zote. Wao huona ni utani. Lakini mali itokayo kwa wote wawili na kumwendea mshindi ndiyo kamari yenyewe, hata ikiwa ndogo. Kila mmoja na ajilipie mchezo wake, au mwenye kibanda atoe zawadi kwa mali yake mwenyewe, pasiwe na atakayepoteza. Niliyasema haya pale pale, na mwenye kibanda, kwa hisani yake, akakubali kuyaandika mlangoni.

Basi nikarudi kwa yule mzee, nikamwambia, "Mchezo wenyewe siwezi kusema ni haramu. Ukichezwa bila kamari, bila kuacha sala na masomo, na bila kula haki ya mtu, ni mchezo kama michezo mingine. Bali kuna haramu mbili nyumbani kwako, nazo sizo ulizozitaja."

Uso wake ukabadilika. Nikaendelea, "Ya kwanza ni kwamba mwanao alichukua fedha isiyo yake. Ya pili ni kwamba yuko mwizi aliyemla. Ukilitupa neno haramu juu ya gemu, kijana atajiona amekosa kwa kupenda magari, na hatajiona amekosa kwa kuchukua fedha. Utakuwa umempiga mahali pasipouma, na penye donda umepaacha."

Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akasema neno ambalo nimeliweka moyoni. Akasema, "Maalim, mimi hata sijui anachongoja ni nini. Nasikia magari, magari. Sijamwuliza."

Tuliita kijana. Mbele ya baba yake alikiri yote, hata kiasi. Ikawa mapatano haya. Fedha ile ataililipa kwa kazi: msimu wa kuokota korosho atafanya kazi ya kibarua shambani kwa jirani siku zisizo za shule, na ujira aukabidhi kwa baba yake mpaka zitimie 80,000. Habari ya yule mdanganyifu wataipeleka polisi wao wawili, ingawa fedha huenda isirudi, ili asije akamla mtoto wa mwingine. Kibandani ataruhusiwa kwenda Jumamosi, kwa fedha yake mwenyewe na kwa saa inayojulikana. Na juu ya mchezo mpya, hatazuiliwa kuungoja. Ila baba yake hatanunua mashine mpya kwa mavuno ambayo hayajapimwa, maana bei ya mashine hizo huweza kuyameza mavuno ya shamba dogo, na paa linavuja.

Kijana alipoondoka nilimwambia, "Mwanangu, farasi asiyetayarishwa hupewa mwendo mfupi. Si kwamba amedharauliwa. Siku yake ikifika atakimbia mrefu." Akasema, "Nimeelewa, Maalim." Kama ameelewa kweli tutaona wakati wa korosho.

Kwa wazazi wengine walio na suali hili, nakusanya maneno kwa ufupi.

Msilipe kitu kisichokuwapo. Mchezo ulioahidiwa ni ahadi tu, na ahadi za makampuni hubadilika. Mmesikia jinsi mchezo mmoja ulivyohama mikononi mwa watu ndani ya miaka michache. Aliyengoja mpaka kitu kitoke hakukosa kitu. Mara nyingi bei hushuka baada ya miezi, na makosa ya mwanzo huwa yamekwisha kurekebishwa.

Ulizeni kabla: mchezo huo wataka mashine gani? Wengi wamenunua sahani ya mchezo wakakuta mashine ya nyumbani haiwezi kuisoma. Tena michezo ya sasa haikai yote ndani ya sahani. Hutaka kuvuta makumi ya gigabaiti kwa intaneti, na kwa bando za simu tunazonunua hapa Masasi, gharama hiyo ni kama kununua mara ya pili.

Wekeni saa, na mwenye kuiweka aishike yeye kwanza. Baba anayekaa kutazama mpira mpaka usiku wa manane akachelewa Alfajiri, hana ulimi wa kumwambia mwanawe habari ya wakati.

Msimpe funguo za pikipiki mtoto asiye na leseni kwa sababu tu ati ni hodari wa kuendesha kwenye kioo. Uhodari ule ni wa kweli, lakini ni wa kwenye kioo.

Na la mwisho, waulizeni watoto wenu wanangoja nini. Si kwa kuwahoji, bali kwa kutaka kujua. Kijana yule alikuwa na habari nyingi za nchi za jirani, za barabara na za mitambo, ambazo angependa kumweleza baba yake. Hakupata wa kumsikiliza, akampata mwizi wa simu, naye alimsikiliza vizuri sana.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, niliwapita wote wawili wameketi chini ya mwembe wa msikiti. Kijana alikuwa akichora mchangani kwa kijiti, na mzee ameinama anatazama. Nilimsikia akiuliza, "Na hiyo Naivasha, ukitoka Nairobi, ni mbali gani?" Kijana akamjibu, "Si mbali, baba, kilometa tisini hivi." Sikusimama. Nilikwenda zangu chuoni, watoto walikuwa wakinisubiri.

Wassalamu alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh.